Gari Lililotoa Jasho

Gari lenyewe lilikuwa zuri, hilo lisemwe kwanza. Lilikuwa refu, la rangi ya maziwa, na paa lake la turubai. Ukilikunja linalala nyuma ya viti, unabaki na mbingu juu ya kichwa chako. Lilikuwa limekaa katika ghala la kahawa la Fidèle pale Bwera, upande wa Uganda wa mpaka, tangu mwaka ule Wabelgiji walipoikimbia Kongo. Mwenye gari, Mbelgiji mmoja, alivuka huku klachi imeungua, akalisukumia ghalani, akadandia lori la kwenda Kasese, na hakurudi. Kuku wa Fidèle wakaona wamepata nyumba.

Kosiya, fundi wa magari, aliliona siku ya soko, mwanzoni mwa mwaka 1969. Alikuwa chini ya lori la Fidèle tangu asubuhi akifunga ekseli, na barabarani watu walipita na mikungu ya ndizi na samaki wa chumvi, jua la kawaida, kelele za kawaida. Akaingia ghalani kutafuta jeki. Alivuta magunia mawili matatu, akaliona gari, na jeki akaisahau.

Fidèle, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa tumbo na kicheko, alimkuta fundi wake ameketi kwenye usukani, kuku wamemzunguka.

"Unaipenda?" akauliza. "Chukua. Ile motokari iko inakula nafasi ya kahawa yangu. Utanitengenezea lori mpaka nitazeeka, basi, tumemalizana."

Wengine wangelitaka gari kama lile kwa majivuno, na Kosiya naye hakuwa malaika. Lakini aliyemjia akilini pale pale ni mama yake.

Mama Bulandina alikuwa na kifua. Si kikohozi cha siku mbili, bali pumu ya miaka, iliyomkausha mpaka kitenge kimoja kikawa kinamzunguka mara tatu. Hakuweza kukaa ndani ya kitu kilichofungwa. Basi la kwenda Kasese lilimshusha njiani midomo imekuwa ya buluu. Treni ya Kampala na moshi wake hata hakuijaribu, na nyuma ya lori nyonga zake zisingestahimili. Sasa padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba katikati ya mwaka Papa angekuja Uganda, na angefika Namugongo, walikouawa mashahidi wa dini. Bulandina alilia mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakuwa na ombi lingine.

"Nifike tu," alimwambia Kosiya. "Baraka inipate nikiwa na pumzi. Nyuma ya hapo nikikufa, ni sawa."

Gari lisilo na paa, upepo usoni, viti vya kulalia. Kosiya aliamini hakuna gari jingine ambalo lingemvusha mama yake nchi nzima, kutoka mpaka wa Kongo hadi ng'ambo ya Kampala, akiwa hai.

Wakalivuta kwa kamba hadi uani kwake. Injini ilikuwa imegoma; alimimina mafuta ya taa kwenye silinda, akasubiri, kisha akaizungusha kwa mkono mpaka pistoni zikakubali. Kabureta ilijaa mayai ya mende. Radieta aliiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Klachi aliitoa kwenye gari lililokufa kule Kasese, na vipuri vidogo vidogo akavipata kwa Mhindi karibu na stesheni. Paa lililochanika alilishona mkewe, Mbambu, kwa sindano ya magunia na ulimi nje. Kilichomshinda Kosiya ni viti. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima.

Ndipo akafungua buti. Mlikuwa na kopo kubwa, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Ndani yake mafuta meupe, yaliyoganda vizuri, yasiyo na harufu. Miaka yote ile ndani ya buti, na hayakuwa yamechacha.

Mtu wa kwingine angejiuliza. Mtu wa Bwera hajiulizi. Kule, mafuta meupe kwenye kopo ni ya kiboko, kwisha maneno. Yanatoka ziwani kwa mlango wa nyuma, yanapakwa mikanda, ngoma, bawaba za milango na vifua vya wagonjwa. Kumbe yule Mbelgiji alikuwa na akili, Kosiya akawaza, alibeba dawa ya viti vyake. Akachota kwa mikono miwili, akapaka.

Asubuhi viti vilikuwa vimepona, na hakuna neno lingine la kutumia. Nyufa zilikuwa zimefunga. Ngozi ilikuwa imejaa, ukibonyeza inazama kidogo halafu inarudi. Jua lilikuwa bado halijafika uani, lakini viti vilikuwa na joto.

"Na mimi unipake kifuani," mama akasema alipoviona. Kosiya akampaka, kama mtoto yeyote wa pale angempaka mama yake. Bulandina akavuta pumzi, akaivuta tena, ndefu, mpaka chini, haina mluzi ndani yake. Akacheka kwa sauti ambayo Kosiya alikuwa ameisahau.

Basi furaha ilikuwa kubwa nyumbani, na kwa sababu hiyo uchafu uliofuata ulivumiliwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kwanza walikuja nzi. Si wa chooni wale wadogo, ni wale wakubwa wa kijani, na hawakuruka ukiwafukuza. Walikwama kwenye ngozi, miguu ikizama. Kisha viti vikaanza kutoa jasho. Jua likipanda, matone madogo yalitokeza kwenye ngozi, yakaungana, yakateremka hadi kwenye mishono yakakaa pale kama usaha. Kosiya alipangusa kwa kitambaa. Yakarudi. Alipangusa tena, na kitambaa kikabaki na vinyweleo, vyeusi, vifupi, vilivyojikunja. Alijiambia ni vya ng'ombe. Ng'ombe gani mwenye nywele za kujikunja, hakutaka kujua.

Mbwa wa jirani waliingia uani kulamba milango ya gari. Wakifukuzwa walitapika, halafu wakayala matapishi, halafu wakarudi.

"Mimi siwezi kukaa kwa hiyo kitu," Mbambu alisema. Alikuwa ameshika pua japo hapakuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililomtia kichefuchefu zaidi. "Nyama yote iko na harufu. Hii mbona haina?"

"Ni mafuta ya kiboko tu."

"Kiboko mimi ninakula tangu utoto. Wewe angalia pale nyuma, pale mama yako anapenda kuegemea."

Kosiya akaangalia. Kwenye ngozi ya kiti cha nyuma, upande wa juu, palikuwa na kovu la duara, lenye vitundu, ukubwa wa kitufe. Kila mtu wa rika lake alikuwa nalo begani. Ni kovu la chanjo ya ndui. Alilitazama mpaka mate yakamjaa mdomoni, akayatema, kisha akaenda kuchukua shuka akalifunika.

Hakumwambia mama. Angemwambiaje? Mama alikuwa ananenepa. Mashavu yalimjaa, mikono ikapata mikunjo ya unene, ngozi ya shingo ikang'aa. Alilala chali usiku kucha kama binti. Kila asubuhi alidai apakwe, na kopo halikupungua. Kosiya alichota, na kesho yake mafuta yalikuwa yamefika pale pale. Siku moja aliingia chumbani bila kubisha, akamkuta mama ameketi na kopo mapajani. Kidole kilikuwa mdomoni. Alikuwa akikinyonya polepole, amefumba macho, na kidevu kinameremeta.

Kosiya akatoka nje, akashika mgomba, akatapika. Alimchukia mama yake pale kwa muda mfupi, na akajichukia kwa kumchukia. Lakini alisikia kutoka chumbani pumzi ile nzuri, safi. Akajifuta mdomo, akarudi kwenye gari.

Asubuhi ya safari ilifika, watu wakajaa uani kuaga. Gari liliwaka kwa mguso wa kwanza. Mama Bulandina alikuwa tayari kiti cha nyuma, katika gauni jipya la gomesi, rozari mkononi, mnene, mwenye furaha. Palikuwa na nafasi moja, na Fidèle aliiomba kwa ajili ya dada yake mkubwa, Emérance, aliyevuka jana yake kutoka Butembo kwa ajili hiyo hiyo ya Papa.

Emérance alikuja na kikapu chake, mwanamke mrefu mwenye uso wa kikazi. Aliposhika mlango wa gari, akaondoa mkono. Akautazama mkono. Akamvuta Kosiya kwa shati mpaka nyuma ya nyumba.

"Nani alibapatia ile motokari?" akanong'ona.

"Fidèle. Iliachwa."

"Minaijua. Nilikuwa mupishi kwa mwenye yake. Na ile mafuta?"

"Ni ya kiboko, dada."

"Haiko kiboko." Alikuwa anapangusa kiganja ukutani, anapangusa, anapangusa. "Mi sikuipika mu jikoni yangu. Ilikuwa inatoka kwa nyumba ya nyuma. Batu ya shamba, bale ba kukata miti, alikuwa anaita mumoja mumoja. Anabapa chakula mingi. Wali, nyama, pombe. Banakuwa banono. Tulikuwa tunaona banaingia. Hatukubaona banatoka."

Kosiya akaitazama mikono yake. Hadithi za Wazungu wanaonenepesha watu alizisikia tangu utotoni, na aliwahi kuzicheka. Hakucheka. Alikuwa ameitia mikono yake ndani ya kopo lile kila asubuhi.

"Mama yako alipaka?"

"Alikula," Kosiya akasema.

Emérance akafanya ishara ya msalaba. Akachukua kikapu chake akaenda kutafuta basi.

Kosiya alibaki nyuma ya nyumba. Angeweza kuzima injini. Mama angebaki Bwera, kifua kingefunga tena, na Namugongo angeiona kwa kusimuliwa. Akachukua kopo ndani, akalitumbukiza kwenye shimo la choo, akasikiliza lilivyoanguka. Kisha akanawa kwa majivu mpaka mikono ikachubuka, akaingia garini.

"Twende, mama," akasema.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu kama alivyoiota. Gari lilipita Kikorongo likiteleza, wakavuka maji pale Katunguru, na viboko wenyewe walikuwa pale chini, wamejaa matope, wananuka unono halisi wa kiboko. Kosiya akavuta harufu ile. Ilikuwa kali, ya samaki na kinyesi. Sasa alijua kwa pua yake mwenyewe kwamba Emérance alisema kweli.

Kwenye vilima vya Ishaka mama akauliza, "Kopo iko wapi?"

"Nimelisahau."

Baada ya muda Kosiya akasikia sauti nyuma yake, ndogo, ya majimaji. Akatazama kwenye kioo. Mama alikuwa ameondoa shuka. Alikuwa ameinama juu ya kiti, analamba ngozi. Alifuata mshono kwa ulimi, kwa utaratibu, akifika pale jasho lilipotuama anafyonza.

"Mama!"

Aliinua uso. Pua, midomo, kidevu, vyote vilikuwa vyeupe. Unywele mmoja ulikuwa umemganda kwenye jino.

"Unanichukia, mwana wangu?"

Alisimamisha gari, akatapikia gurudumu. Alipoinuka, mama alikuwa amejifuta, anamtazama bila aibu.

"Mimi najua ni nini," akasema. "Nilijua ile siku ya kwanza ulinipaka. Wako wengi. Wananiambia kifuani, polepole. Wanasema, usituache hapa, hata sisi tunataka kufika."

Kosiya aliendesha tena. Usiku wakalala Masaka, kwenye misheni.

Asubuhi palikuwa na ukungu na baridi. Jua halikutoka, na bila jua viti havikutoa jasho. Yale yaliyotoka jana yalikuwa yameganda kwenye mishono, magumu kama nta. Hawajafika mbali, kifua cha mama kikafunga. Mluzi ule. Midomo ikaanza kugeuka. Kosiya alisimama kando ya mabwawa ya mafunjo, akamwegemeza, akampepea. Hewa yote ya Uganda ilikuwa inavuma juu ya gari lile la wazi, na hata kidogo haikuingia ndani yake.

Mama alielekeza kidole kwenye mshono.

Akakwangua kwa kucha. Kipande kilitoka, kizito, kimechanganyika na nzi. Akamwekea mdomoni. Mama hakuweza kukilainisha. Kilikaa kwenye ulimi mkavu, macho yakamtoka. Kosiya alijua la kufanya. Kila mtu anajua, ni jambo ambalo mama huwafanyia watoto wasio na meno, na yeye mwenyewe alifanyiwa na huyu huyu. Akakitoa kile kipande mdomoni mwa mama. Akakitia mdomoni mwake.

Kiliyeyuka taratibu. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo ambalo hakumwambia mtu kwa miaka mingi: ule uchafu ulikuwa mtamu. Ulikuwa na chumvi kidogo. Miguu ya nzi ilimkwaruza ulimi. Akainama, akautia mdomoni mwa mama. Akakwangua tena. Akatafuna tena. Mpaka mluzi ukaisha.

Na hakuna awezaye kutafuna bila kumeza kidogo.

Walifika. Umati wa Namugongo haukuwa na mwisho, watu juu ya miti, watu juu ya vichuguu. Kosiya aliegesha pembezoni mwa uwanja, na mama akasimama juu ya kiti ili aone. Baraka ilipotolewa kule mbele, ikapita juu ya vichwa kwa vipaza sauti, akapiga magoti pale pale kwenye ngozi na kufanya ishara ya msalaba. Alivuta pumzi nzima, ya mtu mwenye afya. Akasema, "Tumefika."

Kisha mafuta yakamtoka. Yalimtoka kwenye shingo, kwenye viganja, kwenye nyayo, bila haraka, na kwenye viti vyote pia. Yakashuka sakafuni, yakatafuta matundu, yakamwagikia majani ya Namugongo yakapotea ardhini. Watu waliokuwa karibu waliinua sketi zao wakasogea. Yalipokauka, viti vilikuwa vimepasuka upya. Bulandina alikuwa amelala juu yavyo, mwembamba kama zamani, gomesi limemmeza, amekufa.

Kosiya alimrudisha Bwera juu ya viti vile, kwa sababu mtu huzikwa kwao. Alilia njia nzima na kutema mate njia nzima.

Misa ya maziko ilijaa. Emérance alikuwapo, amerudi kwa basi. Padri alimwita Kosiya mbele ataje jina la marehemu ili aombewe, kama ilivyo desturi. Kosiya akasimama, akafungua kinywa.

"Bulandina," akasema.

Alitaka kukaa. Kinywa hakikufunga.

"Paluku wa Lubero," akasema. Utamu ule ukamjaa ulimini, wa chumvi. "Kambere. Muhindo, mwana wa Kahindo. Katembo mfupi. Katembo wa kilimani." Hakuwahi kusikia majina hayo. Kila jina lilikuja na ladha yake, na kila moja alilimeza kabla ya linalofuata. Watu walianza kugeuka. Mbambu alishika mdomo kwa mikono miwili.

Nyuma ya kanisa Emérance alikuwa amesimama. "Ni vile karani alikuwa anabaita asubuhi," alisema, si kwa mtu yeyote. "Bakiwa mu mustari ya kazi. Ni ile ile mustari."

"Yosamu. Kasereka. Stanislas."

Emérance alipiga yowe. Stanislas alikuwa mume wake. Miaka yote watu walimwambia kwamba alimkimbia na mwanamke wa Bunia, naye alikubali, akamlaani, akaendelea kuwapikia wageni wa yule Mbelgiji.

Alikuja mbele, watu wakampisha. Alisimama uso kwa uso na Kosiya, ambaye mafuta meupe yalikuwa yanamchuruzika pembe za mdomo. Mtu yeyote angerudi nyuma. Yeye alifungua kitambaa cha kichwa, akampangusa midomo kwa uangalifu, juu, kisha chini, asiache hata tone.

Kwao, mtu asiyeonekana maiti yake huzikiwa mgomba mahali pake. Emérance aliuzungushia mgomba kitambaa kile, kule Butembo, akauzika akiukalipia na kuuomba radhi. Waliochimba kaburi walikuwa wanaume wanne wenye nguvu, na walisimulia kwamba mgomba ule ulikuwa mwembamba, wa kubebwa na mtoto. Walipoushusha ukawalemea, ikabidi wamwite mtu wa tano.